Maji Yakiondoka, Nyumba Bado Iko Hatarini



Mafuriko si habari ngeni kwetu. Wengi wanaikumbuka mvua ya El Nino ya 1997 na 1998, iliyosomba madaraja na kukata barabara nchini kote. Ndugu zetu wa Budalang'i wameona kingo za Mto Nzoia zikivunjika tena na tena, ikiwemo mwaka 2003 na 2008. Wa nyanda za Kano wanaujua Mto Nyando, na wa Garissa na Tana River wanaujua Mto Tana. Mwisho wa 2023 El Nino ilirudi, kisha masika ya 2024 yakaongeza uchungu. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji na matope yaliporomoka Mai Mahiu watu wakiwa wamelala. Katika msimu huo mmoja zaidi ya watu 200 walipoteza maisha katika nchi yetu.

Juu ya kuhama mapema na kuokoa watu mengi yamesemwa, na bado yafaa kusemwa. Leo lakini twataka kuzungumza juu ya siku zinazofuata. Maji yamepungua, mtu amerudi kwake, amesimama mlangoni anatazama tope. Aanzie wapi?

Katika kuwatembelea watu baada ya mafuriko tumeona kwamba hasara huja mara mbili. Ya kwanza huletwa na maji, nayo hatuna uwezo nayo. Ya pili huja maji yakishaenda zake, na mara nyingi huletwa na haraka yetu wenyewe. Utasikia mtu akisema, "Bora kwanza nyumba ionekane nyumba." Anachukua pesa kidogo alizochangiwa, ananunua saruji na rangi, anapiga plasta ukuta ungali umejaa maji. Baada ya miezi miwili plasta inabanduka, nguzo zinaoza ndani kwa ndani, watoto wanakohoa usiku, na pesa zimekwisha. Mtu mwenye pesa za kutengeneza nyumba mara moja tu hawezi kufanya mchezo na hiyo mara moja.

Basi neno letu kuu ni moja: kausha kwanza, funika baadaye. Mengine yote tutakayoeleza hapa yanafuata neno hilo.

1. USIKIMBILIE KUINGIA

Kabla ya kuingia, zunguka nyumba yote ukiwa nje. Tazama kama paa limelala upande mmoja, kama ukuta umefanya tumbo, kama maji yamechimba chini ya kona. Ukiona mojawapo ya hayo, usiingie. Mwite fundi au mtu anayejua ujenzi atazame kwanza.

Nyumba ya udongo ina jambo lake ambalo watu wengi hawalijui. Ukuta waweza kusimama wakati wote wa mafuriko, halafu uanguke siku ya pili au ya tatu, jua likiwaka. Sababu ni kwamba udongo ulionyonya maji huwa mzito na laini kwa wakati mmoja. Maji yakiwa bado nje na ndani, yanausukuma ukuta pande zote mbili na kuushikilia. Yakiondoka, ukuta unabaki peke yake na uzito wa paa juu yake. Kwa hiyo jua likitoka tusidhani hatari imekwisha. Watoto na wazee walale kwingine kwanza, hata kama ni kwa jirani.

Vaa gambuti au viatu vigumu. Ndani ya tope mna misumari, chupa zilizovunjika, na pengine nyoka aliyekimbilia mahali pakavu kama sisi wenyewe. Tumia fimbo kuinua vitu. Aliyechomwa na kitu chenye kutu aende zahanati haraka akaulizie sindano ya pepopunda.

2. ANDIKA HASARA KABLA YA KUSAFISHA

Jambo hili huonekana dogo, lakini kulikosa kumewanyima wengi msaada. Kamati inapofika kuandika walioathirika, nyumba iliyokwisha safishwa haina ushahidi.

Chukua makaa au chaki, weka alama ukutani pale maji yalipofika, na uandike tarehe. Pima urefu wake kutoka sakafuni. Kama una simu yenye kamera, piga picha kila chumba, ghala, choo na kisima. Kisha andika orodha kwenye daftari: magunia mangapi ya mahindi, kuku wangapi, godoro, vitabu vya shule, mabati. Andika ukweli mtupu. Anayeongeza gunia moja la uongo anawafanya majirani zake wote waonekane waongo.

Peleka nakala kwa mzee wa mtaa na kwa naibu wa chifu, na nyingine ubaki nayo. Alama ile ya makaa usiifute haraka. Tutaihitaji tena mwisho wa makala haya.

3. TOA TOPE LINGALI BICHI

Tope likiwa bado na maji hutoka kwa koleo na ndoo. Likikauka huwa kama saruji, tena linashikilia unyevu chini yake. Anza na chumba kimoja, umalize, uende kingine. Lirundike mbali na ukuta, upande wa mteremko, ili mvua ikirudi isilirudishe ndani. Chimba mfereji mdogo wa kupitisha maji yaliyosimama, lakini usichimbe karibu na msingi. Acha kama mita moja na nusu, maana udongo wa hapo umekwisha legea.

Sakafu ya saruji na vitu vigumu vikishaoshwa kwa maji na sabuni, ndipo tutumie dawa ya klorini kama ile ya kung'arisha nguo nyeupe. Kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe tisa vya maji chatosha. Paka, uache kama dakika kumi, kisha suuza. Wengi humwaga dawa juu ya tope. Hiyo ni kupoteza pesa, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu dawa kabla haijaua wadudu. Na tafadhali, usichanganye dawa hii na dawa nyingine yoyote ya kuoshea choo. Mvuke wake waweza kukuua.

Fungua milango na madirisha yote mchana kutwa. Kuvu, ile weusi na weupe unaonuka ukutani, huanza kuota kwa siku moja au mbili tu mahali penye unyevu. Hewa inayopita ndiyo dawa yake ya kwanza, nayo haiuzwi. Jiko la makaa halifai kuachwa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa ati likaushe ukuta. Watu wamekufa usingizini kwa moshi wake usioonekana.

4. UKUTA WA UDONGO

Nyumba ya fito na udongo ina faida moja kubwa: yaweza kufunguliwa. Udongo ulioloa, kuanzia chini mpaka kiganja kimoja juu ya alama ya maji, uondoe kabisa, ubaki na fito na nguzo zikionekana. Kwanza lakini egemeza paa kwa miti imara ndani ya nyumba, na ufanye upande mmoja kwa wakati. Usifungue pande zote nne kwa siku moja.

Nguzo zikiwa wazi, zichunguze. Chukua kisu au msumari, uudunge mti pale unapoingia ardhini. Kisu kikizama kama kwenye ndizi mbivu, nguzo hiyo imeoza, ibadilishwe. Kama ni ngumu, iache ipate upepo. Ni afadhali kuishi wiki tatu na ukuta uliofunikwa kwa gunia au turubai kuliko kuifungia nguzo maji ndani ya udongo mpya. Mchwa nao hupenda mti wa namna hiyo.

Zikikauka, kandika upya kwa udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwa fupi fupi na samadi ya ng'ombe. Nyasi huzuia nyufa udongo unapokauka na kusinyaa. Kandika tabaka jembamba, liache likauke, ndipo uongeze la pili.

Wengi wanatuuliza kama si vizuri kupiga plasta ya saruji juu ya udongo ili maji yasiingie tena. Jibu letu ni hapana, hasa wakati huu. Udongo huvimba na kusinyaa, saruji haifuati. Plasta hupasuka, maji huingia kwenye ufa, kisha hukosa pa kutokea. Nje ukuta unang'aa, kumbe ndani ni uji. Pesa ya saruji yafaa itumike chini: kujenga ukingo wa mawe na saruji kuzunguka nyumba mpaka magotini, na kuinua sakafu. Kule chini ndiko maji huanzia kazi.

Matofali ya udongo yasiyochomwa yaangaliwe kwa hofu zaidi. Tofali lililolowa likawa laini halirudi kuwa lilivyokuwa. Ukuta uliosimama ndani ya maji siku kadhaa, na matofali ya chini yanamomonyoka ukiyagusa, ni wa kubomolewa kwa utaratibu kabla haujajibomoa wenyewe juu ya watu.

5. UKUTA WA MAWE NA MATOFALI YA KUCHOMA

Hapa hatari hujificha. Ukuta unasimama, mwenye nyumba anashukuru, naye anafikiria rangi tu. Lakini jiwe nalo hunywa maji, na maji hupanda juu ndani ya ukuta kuliko pale mafuriko yalipofika.

Gonga plasta kwa vifundo vya vidole. Mahali panapolia kama debe tupu, plasta imeachana na ukuta. Iondoe mpaka kama futi moja juu ya alama ya maji. Ukiona unga mweupe kama chumvi ukutani, hiyo ni chumvi kweli, inayoletwa na maji yanapotoka. Iondoe kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

Utajuaje ukuta umekauka? Chukua kipande cha karatasi ya nailoni ukubwa wa ukurasa wa gazeti, ukibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasipo kuacha upenyo. Kiache mchana na usiku. Kesho yake ukikuta matone upande wa ndani, ukuta bado unatoa maji. Ngojea wiki mbili, ujaribu tena. Ukuta mnene waweza kuchukua miezi, na hakuna fundi awezaye kuuharakisha kwa maneno matamu. Fundi anayekuambia, "Mama, tupige plasta leo, saruji itajikausha," anataka malipo yake ya leo.

Nyufa zitazamwe kwa muda. Weka alama ya penseli mwisho wa ufa, uandike tarehe. Kila Jumapili tazama kama umepita alama. Ufa usiokwenda mbele waweza kuzibwa. Unaokwenda, au unaopanda kama ngazi kutoka kona ya mlango, au mlango wenyewe umeanza kukataa kufunga, ni dalili kwamba msingi unashuka. Hapo mtafute mtaalamu wa ujenzi wa kaunti kabla ya kutumia shilingi yoyote. Jambo hili hutokea sana kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka.

Penye shimo chini ya msingi usijaze udongo mtupu. Jaza mawe na kokoto, ushindilie tabaka kwa tabaka.

6. STIMA

Usiguse swichi kuu ukiwa umesimama kwenye maji au tope. Ikiwa nyaya za nje zimeanguka, kaa mbali, wazuie watoto, na uipigie simu kampuni ya stima. Nyumba ambayo maji yalifika kwenye soketi isirudishiwe stima mpaka fundi mwenye leseni aipime. Kutoa mwanga hakuthibitishi kwamba nyaya ni salama. Ukuta wenye unyevu waweza kubeba stima na kumrusha mtu anayeugusa tu.

Wenye sola wakumbuke kwamba ile paneli hutoa umeme maadamu jua linawaka, hata betri ikiwa imekufa. Redio na televisheni zilizoingia maji zisiwashwe "kujaribu". Mara nyingi kule kujaribu ndiko kunakoziua.

7. KISIMA NA CHOO

Maji ya mafuriko yamepita vyooni, mazizini na kwenye takataka. Chukulia kila kisima yalichokifikia kuwa kichafu, hata maji yakionekana maangavu. Mpaka kisafishwe, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, yaendelee kutokota dakika moja, au yatiwe dawa kama kibandiko cha chupa kinavyoeleza. Maji yenye tope yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, ndipo yatiwe dawa. Kipindupindu hakingojei tumalize kujenga.

Kusafisha kisima ni kazi ya kufanya pamoja na afisa wa afya ya umma. Utaratibu wake ni huu. Kwanza toa tope na maji machafu, lakini pole pole. Ardhi ikiwa bado imejaa maji, kisima kikikaushwa kwa ghafla kuta zake zaweza kuanguka ndani. Pili, pima maji yaliyobaki. Kisima cha duara chenye upana wa mita 1.2 na kina cha maji cha mita 3 kina takriban lita 3,400. Tatu, tengeneza maji ya dawa: gramu 30 za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 70 katika lita 10 za maji. Kwa kila lita 100 za kisimani tia lita moja ya maji hayo ya dawa. Kisima cha mfano wetu kitahitaji lita 34, yaani kama gramu 100 za unga. Kiache angalau nusu saa, na ni bora usiku mzima. Kisha yatoe maji mpaka harufu kali ya dawa ipungue.

Tahadhari mbili za kufa na kupona: mtu asishuke kisimani peke yake bila kamba na watu wa kumvuta juu, na pampu ya petroli isishushwe ndani ya kisima hata siku moja. Hewa chafu ya injini hujaa mle, na anayeshuka hazinduki. Mara nyingi anayemfuata kumwokoa naye hufa.

Choo cha shimo kilichojaa maji kisitumiwe mpaka kuta zake zikaguliwe. Kama kimebomoka, kifukiwe. Kipya kichimbwe mahali pa juu, mita 30 au zaidi kutoka kisimani.

8. CHAKULA GHALANI

Hapa ndipo panapouma zaidi. Ni vigumu kumwambia mama mwenye watoto sita atupe mahindi. Lakini lazima tuseme ukweli.

Nafaka iliyozama kwenye maji ya mafuriko si chakula tena. Iliyokuwa juu, ikapata unyevu tu, yaweza kuokolewa ikishughulikiwa siku hiyo hiyo. Ingiza mkono katikati ya gunia. Ukisikia joto, au harufu ya uvundo, imeanza kuharibika. Iliyo nzuri itolewe magunia yote, ianikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, na igeuzwe mara kwa mara.

Kupima ukavu ni rahisi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia konzi moja ya mahindi na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, utikise kwa dakika chache, kisha uache itulie. Chumvi ikishikamana na chupa, mahindi bado mabichi. Isiposhikamana, yamekaribia ukavu. Yaanike siku moja zaidi. Wataalamu wanataka unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Kwa nini tunasisitiza? Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini, inayotokana na kuvu ya nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Sumu hii haiondoki kwa kupikwa wala kwa kusagwa. Wengine husema, "Basi tumpe ng'ombe," au "Tutengenezee pombe." Ng'ombe akila, sumu hupita kwenye maziwa na kurudi kwa mtoto. Na busaa ya mahindi yenye sumu ni sumu. Yachimbiwe shimo.

9. KARATASI NA VITU VYA NYUMBANI

Hatimiliki ya shamba, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho: hivi vikilowa usivikaushe kwa moto wala kwa pasi. Karatasi zilizogandamana zisitenganishwe kwa nguvu. Zisuuze taratibu kwa maji safi kama zina tope, kwa sharti kwamba wino hauyeyuki, kisha zilaze kivulini juu ya kitambaa safi mpaka zijiachie zenyewe. Picha za marehemu wetu zitunzwe vivyo hivyo, uso ukitazama juu.

Kilichopotea kabisa kina njia yake. Kwa kitambulisho, anzia polisi upate abstrakti, kisha uende ofisi ya usajili au Huduma Centre. Kwa hatimiliki, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inampa msajili uwezo wa kutoa nyingine baada ya tangazo na kungojea siku zisizopungua 60. Nenda mwenyewe, mambo ya shamba usimwachie wakala uliyekutana naye nje ya ofisi. Aliyepoteza cheti cha kuzaliwa aulize pia katika parokia alikobatizwa. Jina lake limo katika kitabu cha ubatizo, na nakala yake husaidia kama ushahidi.

Nguo na blanketi zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Meza, viti na masanduku ya mbao, kinyume chake, yakaushwe kivulini penye upepo, maana jua kali hupindua mbao iliyolowa. Godoro la sponji lililozama kwenye maji ya choo haliwezi kusafishika ndani. Twajua bei yake, lakini mtoto asilalie hilo.

10. TUFANYE PAMOJA

Kutoa tope katika nyumba moja ni kazi ya wiki nzima kwa mama na watoto wake. Kwa watu kumi na wawili wa jumuiya ndogo ndogo au wa chama ni kazi ya asubuhi moja. Ni vyema kikundi kipange zamu, kikianza na wajane, wazee, wagonjwa, wajawazito na walemavu. Wenye vijana wenye nguvu wangojee. Turubai moja la kuanikia nafaka, koleo nne na bero mbili za kikundi zaweza kuhudumia kijiji kizima.

Fundi naye aajiriwe na kikundi. Akijua ana nyumba saba za kutengeneza, bei hushuka, na hawezi kutoroka kazi ya kwanza. Mlipeni kwa hatua: msingi ukiisha, ukuta ukiisha, paa likiisha. Mtu asilipwe kazi yote mwanzoni.

Na pesa za msaada zikija, zigawanywe kwa mpango wa miezi: sehemu ya sasa kwa chakula, maji na choo, sehemu ya kutengenezea nyumba iwekwe mpaka ukuta ukauke. Kikundi chaweza kuitunza kwenye akaunti yake, kila mtu na kiasi chake kimeandikwa. Tumeona ikifanyika, na hao ndio ambao nyumba zao zilisimama mvua iliyofuata.

11. ILE ALAMA YA MAKAA

Sasa turudi kwenye alama uliyoweka ukutani. Hiyo ndiyo ramani yako. Sakafu mpya ikiwezekana ipite hapo. Isipowezekana, basi ghala lipite hapo, kitanda kipite hapo, na mfuko wa karatasi muhimu uliofungwa kwa nailoni uning'inie juu kabisa karibu na paa. Soketi za stima ziinuliwe. Mfereji uzunguke nyumba na uwe na mahali pa kumwaga maji, siyo kwa jirani.

Na mahali ambapo alama imepita kichwa cha mtu mzima, au maji yamerudi mara tatu katika miaka michache, tukae kama familia na tuulizane bila kuoneana haya kama hapo ni pa kujenga tena. Swali hilo ni gumu, kwa sababu makaburi ya wazee yako pale na shamba lingine hakuna. Lakini ni afadhali kuulizana wakati wa kiangazi kuliko kuulizana juu ya paa usiku.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba iliyopigwa na maji tungeongeza kidogo: ufa uzibwe, naam, lakini ukuta ukiwa mkavu. Masika huanza Machi. Anayetengeneza sasa ahesabu miezi yake vizuri, na anayehitaji mikono ya kumsaidia awaambie viongozi wa jumuiya yake wiki hii.